Aliyeufunza umeme kuuona mkono

Wahenga wetu walitwambia kwamba mkono mtupu haulambwi. Hekima hiyo ni ya kale na sina nia ya kuipinga. Hata hivyo, leo ningependa, msomaji wangu, tumtazame mtu mmoja ambaye mikono yake mitupu ilimpatia riziki, ikampandisha kwenye majukwaa ya miji mikuu ya dunia, na ujuzi uliotokana nayo ukaja kumtumikisha kifungoni.

Nimeamua kumwandikia mtu huyu kwa sababu ya mjadala ambao nausikia mara kwa mara miongoni mwa vijana wa mitaa yetu ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu, Umoja na Kayole. Tarakilishi, wanasema, imefikia hatua ya kuamrishwa kwa ishara za mkono tu. Si lazima tena kushika kipanya na kukisukuma mezani. Unanyanyua kidole mbele ya kamera, nao mshale ulio kwenye kiwambo unakifuata. Unabana kidole gumba na kidole cha shahada, faili inafunguka. Unapunga kiganja, ukurasa unageuka. Wapo vijana wanaoyaona hayo kuwa miujiza ya karne hii, na wapo walimu wanaoyaona kuwa mchezo wa kupoteza wakati wa masomo. Naona kwamba pande zote mbili zinapungukiwa na historia.

Kwa hakika, mkazi wa Eastlands hapaswi kustaajabishwa na lugha ya mikono. Makanga wa matatu ya 58 iendayo Buruburu huinua vidole hewani, na abiria aliye ng'ambo ya barabara akajua nauli ni shilingi ngapi. Hugonga ubavu wa gari, na dereva akajua kama ni wakati wa kusimama au kuondoka. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, katikati ya makelele ya nyundo na mabati, huelewana kwa viganja pale ambapo sauti haifui dafu. Lakini lugha hiyo ina sharti moja ambalo tunalisahau kwa sababu ya mazoea: aliye upande wa pili lazima awe anakutazama. Ishara isiyo na mtazamaji ni mkono unaotikisika tu. Basi, mashine inapoitikia ishara yako, maana yake ni kwamba mashine hiyo inakutazama. Hayo ndiyo nitakayo tuyatafakari, na sijui maisha yanayoyafunza vizuri zaidi kuliko ya Mrusi aitwaye Lev Termen.

Lev Sergeyevich Termen alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1896 mjini Saint Petersburg, ambao wakati huo ulikuwa mji mkuu wa Urusi ya wafalme. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kifaransa, na huko ng'ambo alikuja kujulikana kwa jina la Leon Theremin. Tangu ujana wake alipenda mambo mawili ambayo shule zetu huyatenganisha kwa ukuta mnene: muziki na fizikia. Alijifunza kupiga selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huiegemeza magotini, na papo hapo akasomea sayansi ya umeme. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, ujuzi huo ulimfanya kuwa mhandisi wa redio jeshini. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 alipata kazi katika taasisi ya mwanafizikia mashuhuri Abram Ioffe, mjini humo humo, ambao sasa uliitwa Petrograd.

Mnamo mwaka 1920, Termen alikuwa akiunda chombo cha kupimia tabia za gesi. Chombo hicho kilitoa mlio, na mlio huo ulibadilika kufuatana na hali ya gesi. Alipokuwa akifanya kazi yake alitambua jambo ambalo fundi mwingine angelihesabu kuwa kero: kila alipousogeza mkono wake karibu, mlio ulipanda, alipouondoa, mlio ulishuka. Fundi wa kawaida angetafuta namna ya kuizuia kero hiyo. Termen, kwa kuwa alikuwa pia mwanamuziki, alianza kuitafutia wimbo. Haukupita muda mrefu kabla wenzake hawajamkuta akipiga nyimbo kwa kuupunga mkono hewani, pasipo kugusa kitu chochote.

Wanafunzi wa fizikia wataniuliza jambo hilo lilitendekaje. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Mkono unapokaribia waya wenye umeme, mkono na waya huwa kama zile sahani mbili za kifaa ambacho mafundi wa redio hukiita kapasita, na kiasi cha umeme kinachoweza kuhifadhiwa baina yao hubadilika kadiri umbali unavyobadilika. Termen alitumia vizalishi viwili vya mawimbi, vyote vikitetema kwa kasi kubwa isiyoweza kusikika na sikio. Kimoja hakikubadilika, cha pili kilibadilika kidogo mkono ulipokaribia. Tuseme cha kwanza kinatetema mara 170,000 kwa sekunde, na cha pili, kwa ajili ya mkono wako, kinatetema mara 169,560. Tofauti ni 440, na mtetemo wa kasi hiyo ni sauti ambayo wanamuziki wengi huitumia kulinganishia ala zao. Sikio halisikii mawimbi yale mawili; linasikia tofauti yao. Chombo kilichokamilika kilikuwa sanduku lenye antena mbili, moja ikisimama wima na nyingine ikiwa imepindwa kama kitanzi ubavuni. Mkono mmoja uliamua sauti ipande au ishuke, na mwingine uliamua iwe kubwa au ndogo.

Mwalimu asiyekuwa na chombo hicho asikate tamaa, kwa sababu jamaa yake wa karibu yumo mfukoni mwake. Kioo cha simu ya kisasa, na cha vishikwambi ambavyo serikali ilianza kuvigawa katika shule za msingi mwaka 2016, kina nyaya nyembamba zisizoonekana ambazo hutambua kidole kwa namna ile ile: kidole hubadilisha umeme ulio karibu nacho. Ndiyo sababu simu haiitiki ukiigusa kwa kalamu ya kawaida ya plastiki. Mtoto wa Dandora anayetelezesha kidole juu ya kioo anautumia ujuzi uliompa Termen wimbo wake zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Sifa za chombo hicho zilimfikia Lenin, kiongozi wa taifa jipya la Kisovieti, na mwezi wa Machi mwaka 1922 Termen aliitwa ikulu ya Kremlin. Ningependa mwanafunzi aukumbuke vyema mkutano huo, kwa maana Termen hakwenda na chombo kimoja. Alionyesha ala ya muziki, na alionyesha pia king'ora cha kumtambua mwizi, ambacho kililia pindi mtu alipokikaribia. Vyote viwili vilitegemea msingi mmoja. Lenin alijaribu kupiga ala ile mwenyewe, Termen akimwongoza mikono, kisha akataka mgunduzi huyo azunguke nchini akiwaonyesha wananchi maajabu ya umeme. Tangu siku hiyo, ala ya kufurahisha watu na chombo cha kuwalinda au kuwachunga watu vilikwenda bega kwa bega katika maisha ya Termen. Mnamo mwaka 1926 alifaulu kuunda runinga ya namna yake, miongoni mwa za kwanza duniani, lakini wakuu wa jeshi waliichukua ikawa siri ya dola.

Mwaka 1927 alitumwa ng'ambo. Alipiga ala yake Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, na huko Paris umati uliotaka kumsikia ulikuwa mkubwa hata polisi wakahitajika kuudhibiti. Mwezi wa Desemba mwaka huo aliwasili New York. Mwaka uliofuata alipewa hataza ya chombo chake nchini Marekani, na kampuni ya RCA ikapata haki ya kukitengeneza. Viliundwa vipatavyo 500 hivi. Vilitangazwa kana kwamba yeyote awezaye kupiga mluzi angeweza kuvipiga, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Mpigaji hana ufunguo wa kubonyeza wala uzi wa kushika; anautafuta mlio hewani, na kidole kikitetemeka kidogo tu wimbo unaharibika. Isitoshe, vilianza kuuzwa mwaka 1929, mwaka ambao soko la hisa la Marekani liliporomoka na watu wakakosa fedha hata za mahitaji ya lazima. Hapa wabunifu wetu wana la kujifunza. Kuondoa kitu cha kushika hakufanyi kazi iwe rahisi. Mara nyingi kunaifanya ngumu, na kijana anayeinua mkono mbele ya kamera kwa nusu saa atagundua kwamba bega lake linamwomba msamaha arudie kipanya.

Hata hivyo, kwa watu fulani hewa ile tupu ilikuwa wokovu. Clara Rockmore, mzaliwa wa Vilnius, alikuwa mpiga fidla wa ajabu tangu utotoni, lakini matatizo ya mkono yalimlazimisha kuiacha fidla yake. Katika ala ya Termen, ambayo haikuhitaji kushikwa, aliupata tena muziki aliodhani ameupoteza. Termen alimtengenezea ala bora zaidi, na bibi huyo akawa bingwa ambaye hadi leo wapigaji wote wa ala hiyo hupimwa kwake. Nawaomba walimu walizingatie hilo. Katika madarasa yetu wamo watoto ambao mikono yao haiwezi kubana kipanya wala kalamu. Kwao, mashine inayoitikia mwendo wowote wa kiungo chochote si mchezo. Huenda ikawa ndiyo mlango wa elimu.

Termen aliendelea kubuni. Mwaka 1932 alionyesha jukwaa ambalo mwili mzima wa mchezaji dansi uligeuka kuwa ala: akiinuka, sauti inapanda, akiinama, inashuka. Akiwa katika shughuli hizo za dansi alimpenda Lavinia Williams, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mchezaji wa kundi la American Negro Ballet, naye akamwoa. Marekani ya wakati huo haikumsamehe. Milango mingi ya matajiri waliokuwa wakimkaribisha ikafungwa. Umeme wake haukujua rangi ya ngozi. Mkono mweusi na mkono mweupe uliupandisha mlio sawasawa. Watu ndio walioijua.

Pamoja na hayo, sitamchora kama malaika. Miaka yote aliyokaa New York alikuwa pia akiwapelekea wakubwa wake wa Moscow habari za viwanda vya Marekani. Aidha, alikuwa na madeni mengi. Mwaka 1938 aliondoka ghafla kwa meli ya Kisovieti, akamwacha mke wake, na wawili hao hawakuonana tena. Lavinia alikuja kuwa mwalimu mashuhuri wa dansi nchini Haiti. Huko Ulaya na Marekani wengi waliamini kwamba Termen amekufa.

Hakuwa amekufa, bali alikuwa amemezwa na dola aliyoitumikia. Mwezi wa Machi mwaka 1939, siku za hofu kuu ya Stalin, alikamatwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka minane. Alipelekwa Kolyma, nchi ya baridi kali mashariki mwa Siberia, ambako wafungwa wengi hawakurudi. Kilichomwokoa ni ujuzi wake. Alihamishiwa gereza la aina ya pekee ambamo wafungwa walikuwa wanasayansi na wahandisi, na kazi yao ilikuwa kubuni vitu kwa ajili ya serikali iliyowafunga. Huko alifanya kazi chini ya mfungwa mwenziwe Andrei Tupolev, mhandisi maarufu wa ndege, pamoja na Sergei Korolev, ambaye baadaye aliongoza mradi uliompeleka Gagarin angani mwaka 1961.

Ni katika miaka hiyo ya utumwa ndipo alipounda kitu kilichoitia aibu dola kubwa. Tarehe 4 Agosti 1945, watoto wa shule wa Kisovieti walimkabidhi balozi wa Marekani mjini Moscow zawadi ya urafiki: nembo ya taifa la Marekani iliyochongwa kwa mbao. Balozi aliitundika nyumbani kwake. Ndani ya mbao hiyo kilijificha kidude cha kunasia maneno, kisichokuwa na betri wala waya wa umeme. Majasusi waliokuwa nje walikielekezea mawimbi ya redio. Sauti za waliozungumza chumbani zilitikisa utando mwembamba uliokuwa ndani yake, mtikisiko huo ukabadilisha mawimbi yaliyorudi, na maneno yakasikika. Kwa muda wa miaka saba, hadi mwaka 1952, hakuna aliyekigundua. Mwaka 1960 Wamarekani walikionyesha hadharani katika Umoja wa Mataifa.

Mwanafunzi makini ameshang'amua. Huu ni msingi ule ule wa mwaka 1920, wa kitu kinachosogea kidogo karibu na chuma na kubadilisha mawimbi ya redio. Mahali pa mkono wa mpiga muziki pamekaa utando unaotikiswa na sauti ya mtu asiyejua kwamba anasikilizwa. Mwaka 1947 Termen alitunukiwa Tuzo ya Stalin kwa kazi zake za kunasa sauti, na mwaka huo huo akawa huru. Lakini hata baada ya kifungo aliendelea kwa miaka mingi kufanya kazi katika maabara za siri za idara ya ujasusi.

Uzeeni alitamani kurudi kwenye muziki, akapata nafasi katika chuo cha muziki cha Moscow, akaanza tena kuunda ala zake. Mwaka 1967 mwandishi wa gazeti la New York Times alimkuta huko, akaiandikia dunia kwamba yu hai. Badala ya kujivunia habari hiyo, wakubwa wa chuo walimfukuza, na ala zake zikavunjwavunjwa. Alimalizia miaka yake ya kazi kama fundi katika Chuo Kikuu cha Moscow. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 95, aliruhusiwa kuizuru Marekani, akaonana tena na Clara Rockmore. Tarehe 3 Novemba 1993 alifariki mjini Moscow, akiwa na miaka 97.

Je, maisha ya Mrusi huyo yanahusianaje na kipanya cha tarakilishi? Kipanya kilibuniwa na Mmarekani Douglas Engelbart mwaka 1964, na alikionyesha hadharani tarehe 9 Desemba 1968 mjini San Francisco. Tumezoea kukidharau kwa kuwa kina umri mkubwa, lakini kina sifa moja adhimu: ni kipofu. Kipanya hujua tu kwamba kimesukumwa kiasi gani na kwamba kitufe kimebonyezwa. Hakijui sura yako, hakijui umevaa nini, wala hakijui ni nani aliyepita nyuma yako. Mwezi wa Novemba mwaka 2010 kampuni ya Microsoft ilianza kuuza Kinect, chombo kilichoutazama mwili wa mchezaji kwa kamera na mwanga usioonekana. Mwaka 2019 kampuni ya Google iliwaachia watu wote bila malipo programu inayotambua vituo 21 vya mkono kwa kutumia kamera ya kawaida. Kipofu amepokonywa usukani, na mwenye macho ameukalia.

Hapo ndipo shauri langu linapoanza, na nalielekeza kwa Eastlands hasa. Nyumba nyingi za mitaa yetu ya zamani ni za chumba kimoja au viwili. Kamera inayowekwa ili iuone mkono wa mwanafunzi anayefanya kazi yake ya shule itamwona pia mama anayepika, mtoto mchanga anayeogeshwa, na babu aliyejilaza kitandani. Tajiri ana chumba cha tarakilishi. Maskini akiiwasha kamera ameiwashia jamaa yote. Watu wa ofisi za mbali wanaobuni vyombo hivi hawaishi hivyo, na hawatatukumbuka tusipojikumbuka wenyewe.

Pili, jicho la mashine si la haki kama umeme wa Termen. Mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini, binti mwenye asili ya Ghana, alichunguza programu za kutambua nyuso za kampuni kubwa. Aligundua kwamba zilikosea jinsia ya wanawake weusi kwa kiwango kilichofikia asilimia 34.7 katika programu moja, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Huo ulikuwa uchunguzi wa nyuso, si wa mikono. Lakini chanzo chake ni kwamba mashine hujifunza kwa picha inazolishwa, na hatari hiyo ni ile ile kwa mkono. Mwalimu akiletewa programu ya ishara, aijaribu kwanza kwa mikono ya wanafunzi wake, katika mwanga hafifu wa darasa lake, kabla ya kuisifu.

Tatu, tumekwisha kuonja matokeo ya kutouliza maswali. Katikati ya mwaka 2023 maelfu ya Wanairobi walipiga foleni kukaguliwa mboni za macho na mradi wa Worldcoin kwa ahadi ya malipo kidogo. Serikali iliusimamisha mwezi wa Agosti mwaka huo, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Sikuwalaumu waliopiga foleni. Njaa haina uso. Lakini sheria tunayo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi kabla ya kutumia data ya mtoto, na mwaka 2023 shule moja ya viungani mwa Nairobi ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwalimu mkuu anayekubali kamera za ishara darasani na azikumbuke shilingi hizo.

Asije mtu akadhani nawataka vijana wetu waogope. La, hasha! Ujinga ndio ninaouogopa. Katiba yetu ya mwaka 2010 iliitaja Lugha ya Ishara ya Kenya na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mkenya Roy Allela alibuni glavu zenye vihisio vinavyotafsiri ishara za viziwi kuwa sauti kupitia simu, na mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kuwania Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering. Wapo viziwi wanaotukumbusha kwamba lugha yao haikai vidoleni pekee, kwa kuwa uso na mwili navyo husema, na ni vyema wabunifu wakae nao kabla ya kuunda chochote kwa ajili yao. Hata hivyo, njia imefunguliwa na mtu wa kwetu.

Kwa walimu wa sayansi, napendekeza yafuatayo. Ala ndogo ya Termen yaweza kuundwa kwa vipuri vya redio vya bei nafuu, na wanafunzi wakiiunda wataelewa kapasita kuliko wakikariri kurasa kumi. Wale wenye tarakilishi waijaribu programu ya mkono, kisha wakate intaneti. Ikiendelea kufanya kazi, picha zinachambuliwa humo humo ndani ya mashine. Ikikwama, huenda picha zinasafiri. Na hata isipokwama, waulize kama inahifadhi kitu cha kupeleka baadaye. Maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizokarabatiwa miaka ya karibuni, zingefaa sana kuwa mahali pa mijadala ya namna hii.

Termen aliufunza umeme kuuona mkono wa mwanadamu. Hakuwa na uwezo wa kuamua ni nani atakayekaa upande wa pili akitazama, na alipolipa gharama ya jambo hilo, aliilipa kwa miaka yake mwenyewe. Wanafunzi wetu wana bahati ambayo yeye hakuwa nayo: wanaweza kuuliza, na sheria iko upande wao. Basi, kila mara mashine inapowaomba wainue mikono mbele yake, waulize kwanza ni nani anayetazama, anaihifadhi wapi picha yao, na watafanyaje ili aache. Wakikosa jibu, kipanya bado kipo, nacho ni kipofu.